Springi ya Kochi

Leticia, acha unachofanya usome!!

Kaka Sifael na ile shotigani ya marehemu baba! Springi inayopandisha risasi ya pili imechoka. Fundi wa mjini Same kamwambia asubiri mpya. Yeye kachomoa springi ya kochi la mkewe. Ya KOCHI, Leti!

Leo watu wa msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, tumeacha majembe tumtazame akifukuza nyani. "Kaeni mbali, hii inatema mfululizo!"

Paa! Moja tu. Ikakwama. Anavuta, anatukana, haisogei. Nyani wakarudi, wakaketi wanamenya mahindi huku wanamwangalia.

Wifi Eliakunda kapiga sufuria, wakatimka. Akamgeukia mumewe taratibu: "Kesho mchungaji anakuja kwetu. Utamwonyesha wewe pa kukaa."