Nyumba ya Yeftha

Sumbawanga,
Julai, siku ya Jumatano.

Kwa baba yangu mpendwa, Katekista Teodori,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, mama naye mzima, na ule mguu wako unaokusumbua wakati wa baridi umetulia kidogo. Mimi sijambo, nakula vizuri, tena nimenenepa mpaka naonewa wivu. Baridi ya mwaka huu hapa mjini haina adabu. Asubuhi ukifua nguo vidole vinakataa kukunjika. Vipi ulezi, mmeshaupura wote? Na Vitus je, bado anasema ataoa mwaka kesho? Maana hata mwaka jana alisema hivyo hivyo.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Nilifikiria kupiga. Lakini huko Mwimbi mpaka mtu apande kichuguu cha nyuma ya kanisa ndipo mtandao ushike, na haya ninayotaka kukueleza ni marefu, halafu nakujua baba yangu, ungenikatiza kabla sijafika katikati. Ndiyo maana nimemwomba binamu Calvin, kwa kuwa Fuso lake linakuja huko kufuata mahindi, akukabidhi barua hii mkononi. Naomba uisome mpaka mwisho.

Sasa nikupe habari, maana nisipoisema nitapasuka. Mwezi uliopita sisi wanovisi wa utawani pamoja na makatekista wa mjini tuliitwa kwenye semina ya Agano la Kale. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kusinzia. Nilidhani atakuja mtu na makabrasha, atatusomea wafalme wa Israeli mmoja baada ya mwingine, nani alikuwa mwovu na nani mwovu zaidi, tutakula wali na maharage, tutaondoka. Badala yake akaingia mama mmoja wa makamo, kavaa buti na sweta lililotoboka kiwiko, akatusalimu kwa Kifipa, kisha akamwaga mezani mfuko mzima wa vigae vya vyungu.

Huyo ndiye Mwalimu Edith. Ni mzaliwa wa kijiji cha Kate, baba, mtoto wa wakulima kama sisi. Kazi yake ni akiolojia, yaani anachimba ardhi polepole na kuwasoma watu wa zamani kwa vitu walivyoviacha. Vile vigae alisema ni vya huku huku Ufipa, amevileta tuvishike tu tuzoee. Lakini yeye mwenyewe amechimba miaka mingi ng'ambo ya mto Yordani, kwenye vilima ambavyo Biblia inaviita Gileadi. Alipotaja Gileadi nilikaa wima. Usingizi wote ukaniruka, maana Gileadi ni nchi ya Yeftha.

Unajua mwenyewe kwa nini nilishtuka. Hadithi ya Yeftha nimeisikia kinywani mwako kila mwaka tangu nianze kukaa kwenye benchi la mafundisho. Yeftha anakwenda vitani, anaogopa, anamwapia Mungu kwamba akishinda, chochote kitakachotoka mlangoni mwa nyumba yake kumlaki kitakuwa sadaka. Anashinda, anarudi, na anayetoka ni binti yake wa pekee, anacheza na kupiga matari. Kila mwaka ukifika hapo ulikohoa, ukatuambia kwamba nadhiri si mchezo, halafu ukaangalia dirishani. Watoto wageni walidhani una kifua. Sisi wengine tulijua. Mwimbi nzima inajua kwamba mama alipokuwa akinizaa alikaribia kufa, nawe ukapiga magoti nje ya hospitali ya misheni, ukamwambia Mungu akitujalia uzima wote wawili, mtoto atakuwa wake. Tukapona. Nilipomaliza kidato cha nne ukanipeleka utawani, ukanikabidhi kwa masista pamoja na debe la ulezi.

Nisamehe baba, lakini huyo Yeftha nilikuwa simpendi hata kidogo. Nilikuwa najiuliza, ni mtu gani mwenye akili timamu anayeahidi kitu asichokijua? Mlangoni mwa nyumba atatoka nani kama si mke, mtoto au mtumishi? Alitegemea litoke kabati?

Basi Mwalimu Edith akawasha mashine ya kuonyeshea picha. Ukutani pakatokea misingi ya mawe ya nyumba ya enzi ya Waamuzi, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Kristo. Alisema nyumba za namna hiyo zimefukuliwa nyingi, upande huu na upande ule wa Yordani, na nyingi zinafanana. Chini kuna safu za nguzo. Kati ya nguzo na nguzo mara nyingi pana hori la kulishia. Upande mmoja sakafu imetandikwa mawe ili mkojo wa mifugo usifanye tope. Watu, kwa kadiri wataalamu wanavyoona, walilala ghorofani, na mifugo ililala chini, ndani ya nyumba hiyo hiyo, nyuma ya mlango huo huo. Kisha akatuambia tufumbe macho, tuuone mlango ukifunguliwa, tumwambie nani anatoka kwanza.

Baba, nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka ukumbi mzima ukageuka na sista mlezi akanitupia lile jicho lake. Mimi sikuwa na haja ya kufumba macho. Niliiona nyumba ya bibi Mariana kabla hamjamjengea ile ya bati, mbuzi upande wa kushoto, sisi wajukuu upande wa moto. Asubuhi bibi akivuta tu ubao wa mlango, mbuzi wanatoka wote kwa mpigo. Mara ngapi wamemwangusha na ndoo yake? Tangu nizaliwe sijaona binadamu aliyewatangulia wale mbuzi mlangoni.

Nikasimama, nikatangaza kwamba Yeftha hakuwa mwendawazimu wala katili, alikuwa na mbuzi tu kichwani. Wewe, mimi na makatekista wote tulikuwa tumemjengea Yeftha nyumba ya paroko, ya matofali na vigae, banda la mifugo kule nyuma, halafu tunamshangaa. Makatekista walipiga makofi. Nilijiona nimeshinda kesi.

Mwalimu Edith akatabasamu, akabadilisha picha. Pakatokea kisanamu kidogo cha udongo, mwanamke ameshika kitu cha mviringo kifuani. Alisema visanamu vya namna hiyo vimepatikana vingi katika nchi zile zile, na wengi wanaamini kile kitu ni ngoma ya mkononi, tari. Akatukumbusha kwamba kina Miriamu walitoka na matari baada ya ushindi, na wanawake walimlaki mfalme Sauli kwa matari. Ilikuwa desturi. Mwanamume akirudi na ushindi, wanawake wa nyumbani kwake wanatoka kumchezea. Sasa Yeftha, mwenye binti mmoja, hakulijua hilo?

Nikakaa chini. Tulibishana mpaka chai ikapoa, baba, ungekuwepo ungefurahi. Kuna waliosimama na mbuzi, kuna waliosimama na matari, mzee mmoja wa Kizwite alihama upande mara tatu. Mwishowe tukamwomba Mwalimu Edith atoe hukumu, akakataa. Alisema jembe linaweza kutuonyesha nyumba, mlango na tari, lakini kilichokuwa moyoni mwa Yeftha siku ile hakifukuliwi, na hata wasomi wakubwa bado wanavutana.

Lakini mimi nilikuwa nimeshakijua, kwa sababu nakujua wewe. Yeftha alikuwa anaogopa. Mtu aliyeshikwa na hofu hahesabu nani yuko nyumbani kwake. Anatoa neno kubwa kuliko yote aliyonayo, basi, mengine ataona mbele. Siku ile nilimhurumia Yeftha kwa mara ya kwanza, na nikakuhurumia wewe, umepiga magoti kwenye kokoto, hujui utatoka hospitalini na watu wawili, mmoja, au peke yako.

Siku ya pili akatupeleka kwenye Walawi, sura ya ishirini na saba. Umeisoma hiyo, baba? Mimi nilikuwa nairuka. Humo imeandikwa kwamba mtu aliyemwapia Mungu nafsi ya mtu alikwenda kwa kuhani, kuhani akamkadiria fedha, akamkomboa. Akiwa maskini, alikadiriwa kwa uwezo wake. Akatuonyesha picha za vijiwe vya mizani vilivyofukuliwa Yerusalemu, laini, vya mviringo, vinavyoenea kiganjani, ambavyo watu walipimia fedha kama hizo. Alitutahadharisha tusidhani sheria hiyo lazima ilikuwa imeshaandikwa siku za Yeftha, huenda ni ya baadaye. Mimi nadhani iliandikwa na watu waliochoka kuona mabinti wakilia milimani, kama binti wa Yeftha alivyolia miezi miwili kabla ya kutolewa.

Kisha akatutoa nje kwenda kuona tanuru la kale la kuyeyushia chuma, kama yale malungu unayoyapita kila siku ukienda shamba. Alinipa brashi nisafishe udongo kwenye tundu moja la chini. Nilisafisha mpaka nikasahau chakula cha mchana, mimi Bertilla unayenijua. Pakatokea alama za vidole vya mtu aliyekandika ule udongo. Niliweka vidole vyangu juu yake, vikaenea. Sijui nikuelezeje furaha niliyoisikia. Katika miaka yangu yote kanisani nimewahi kuisikia mara chache sana.

Sasa nimefika ninapoogopa kufika. Barua hii siiandikii utawani. Naiandikia mezani kwa shangazi Rozina, na sare yangu nimeshaikabidhi. Ile siku ya nadhiri mliyojiandaa kuja, mwezi wa nane, haitakuwepo kwangu.

Sijafukuzwa, wala sina mwanamume, mwambie mama asianze kulia kwa hilo. Nilikwenda kwa Mama Mkuu nikamweleza yote. Hakukasirika. Alisema kila aliponiuliza kwa nini nimekuja utawani nilimjibu habari za baba yangu, naye alikuwa anangoja siku nitakayomjibu habari zangu. Nikamwona pia Padre Adolfu, paroko wetu, alipokuja mjini. Alisema nadhiri inamfunga aliyeiweka, hakuna anayeweza kumwekea mwenzake. Na ile yako wewe, uliyoiweka kwa hofu na kwa upendo, anaweza kukubadilishia kwa jambo jingine jema, ukimwendea tu. Alisikitika kwamba miaka yote hii mmekuwa mkihudumu altare moja na hukuwahi kumwuliza. Nami nikawaza, hata Yeftha hakwenda kwa kuhani.

Najua unaogopa nini. Unaogopa kwamba mimi nikitoka, mama atachukuliwa. Ndiyo maana kila akikohoa unanipigia simu kuniuliza kama nasali. Baba, Mungu hakumchukua mama rehani. Alimponya. Nami Mungu sijamkimbia, kila siku naamka namshukuru kwa vijiwe na visanamu. Mwalimu Edith amenichukua nimsaidie kuandikisha matanuru ya Ufipa kiangazi hiki, kisha nitaomba chuo nisomee kazi hiyo. Hilo nalitaka mimi, kwa kinywa changu.

Na lipo moja ambalo sijamwambia mtu. Tangu utoto wangu hujawahi kunigombeza. Vitus akivunja chungu alichapwa, mimi nikivunja uliokota vipande kimya kimya ukaenda kuvitupa. Uliniita Sista nikiwa na miaka mitano. Ulinitunza vizuri sana, kama mtu anavyotunza mali ya jirani aliyesafiri. Nilikuwa namwonea Vitus wivu kwa fimbo zake. Sikuwa na shida na Mungu, baba. Nilitaka kuwa wa kwako.

Sasa simama, toka nje, nenda kwenye gari la Calvin. Nyuma, chini ya turubai, kuna mbuzi jike. Shangazi amenipa. Nimemwambia Calvin asimshushe mpaka umalize kusoma, na kama ameshakula kamba usinilaumu mimi. Huyo ndiye aliyetakiwa kutoka mlangoni kwanza. Padre Adolfu anakungoja Jumamosi mzungumze, atakubadilishia ile nadhiri yako, na Jumapili mbuzi apite na matoleo, mbele ya watu wote waliokuwa wakinitazama miaka yote hii. Umshike kamba wewe mwenyewe. Mama atembee pembeni yako, mzima kama alivyo.

Msalimie sana mama, mwambie nampenda na nguo ya sherehe asiirudishe kwa fundi, ataivaa Jumapili hiyo hiyo. Msalimie Vitus na mchumba wake, kama yupo. Wasalimie bibi Mariana, jumuiya yetu na watoto wa mafundisho. Mungu awalinde wote.

Mimi nitafika Jumatatu kwa basi la asubuhi. Najua nimekuudhi, kuacha utawa bila kukuuliza na kukuandikia baada ya kutenda. Basi ukiniona nikishuka usinyamaze. Nigombeze, baba, hapo hapo kituoni, kwa sauti, watu wasikie.

Binti yako,
Bertilla Teodori