Baba Nuru alitia bega Penang

Jumapili, Barking, London. Manyunyu tangu alfajiri, na kioo cha dirisha la jikoni kimefunikwa na mvuke wa birika.

Assalaam alaykum, nyote mnaopita hapa kibarazani kwangu. Hamjambo? Wazima wa mwili na roho? Wale mlioniandikia kwamba mafua yamewakamata, mmepoa? Mimi na mzee wangu tu salama, alhamdulillahi, ila magoti yangu bado yananikumbusha kila ngazi niliyopanda Penang.

Naam, Penang. Malaysia huko. Mimi niliyeishia darasa la nane, ninayeamka gizani kwenda kuwaogesha wazee wa watu majumbani mwao, nimetembea mji wa Asia na shanta mgongoni kama watoto wa chuo. Namshukuru Mungu, na bado najicheka.

Safari aliipanga binti yetu, Nuru. Alichoka kuona likizo zetu zinapita tukiwa tumekaa tu hapa Barking. Zamani tulikuwa tukienda kwetu Mombasa, lakini tangu mama mkwe wangu afariki, Baba Nuru hataki. Mwaka huu ni kazi, mwaka huu ni mgongo, mwaka huu ni joto. Joto, mtu wa Mji wa Kale. Nuru akaniambia kwa Kizungu, maana Kiswahili anakisikia lakini hakimtoki, kwamba kama Baba hataki kwenda anakojulikana, basi aende asikojulikana.

Tukaenda Rayners Lane kununua mashanta kwa yule mama wa Kihindi mwenye duka karibu na stesheni. Mzaliwa wa Makadara, kule kwetu Mombasa, Kiswahili chake kitamu kuliko cha watoto wetu. Akamtazama Baba Nuru akijaribu mikanda, akasema, "Babu, hiyo mzigo itakubeba wewe." Baba Nuru akamjibu, "Wewe pima bei tu, Mama, mgongo niachie mimi." Wakacheka mpaka wateja wakageuka.

Sasa mji wenyewe.

Unaitwa George Town, na mimi nilikuwa kama mtoto aliyefunguliwa mlango wa sherehe. Mtaa mmoja, ule ule mmoja, una kanisa, una hekalu la Wachina lenye udi mnene kama nguzo, una hekalu la Wahindi na wauza mashada ya maua mlangoni, kisha una msikiti. Hapa Barking pia tuna msikiti, na kanisa lililokuwa duka la mazulia, lakini kila mtu anafunga mlango wake upesi kwa sababu ya baridi. Kule milango i wazi. Nilisimama nje ya hekalu la Wachina nikimtazama bibi mmoja akiinamainama na vijiti vyake vya udi, midomo ikimchezacheza. Nikajiuliza, huyu anaomba nini? Mtoto? Afya? Nilitamani kumuuliza. Baba Nuru akanivuta mkono: "Mama Nuru, acha watu na Mungu wao."

Yeye shanta alilivaa kifuani, akalikumbatia. Nikamwambia hapa hakuna wezi. Akasema wezi hawatangazi.

Asubuhi ya kwanza tuliletewa wali wa nazi na dagaa. Wallahi, wali wa nazi na dagaa, asubuhi, umefungwa kwenye jani la mgomba. Nilikula nikanyamaza. Wanauza pia kitu kama tambi za kijani ndani ya tui lenye barafu na sukari guru, mtu unakunywa na unatafuna kwa pamoja. Hiyo Baba Nuru aliogopa, kisha akamaliza yake na nusu ya yangu.

Nimeyaeleza haya ili mjue tulikuwa katika furaha. Hatukwenda kutafuta msiba.

Siku ya tatu tuliingia msikitini kwa adhuhuri. Mimi upande wa wanawake, yeye kwa wanaume. Baada ya salamu imamu akatangaza kwamba kuna maiti wa kusaliwa. Tukamsalia, mtu tusiyemjua jina, nikatoka kutafuta viatu vyangu. Kuinua macho, namwona Baba Nuru ametia bega chini ya jeneza. Shanta limehamia mgongoni, linamdundadunda.

Nilitabasamu, sikatai. Nyinyi wa pwani mnajua. Kwetu jeneza likipita, hata kama hujui ni la nani, unaacha unachofanya, unatia bega hatua kadhaa, mwingine anakupokea, unarudi kwenye shughuli zako. Hivyo ndivyo alivyofanya. Lakini kule jeneza halitembei mitaani, linatoka msikitini mpaka kwenye gari lililosimama pale langoni, basi. Na wanaolibeba ni watu wa marehemu, wanapanda nalo.

Baba Nuru aliendelea kungoja kupokewa.

Hakuna aliyempokea. Walipofika garini wakasukuma jeneza ndani, mzee mmoja akamshika mkono kwa heshima akamkalisha kando yake, na mlango ukafungwa. Nikamwona usoni kupitia kioo. Alikuwa akinitazama kama mtu aliyepanda basi lisilo lake.

Nikabaki pale na viatu mkononi. Simu zetu zote mbili zilikuwa katika shanta lake. Mwanamke mmoja wa makamo, macho mekundu kwa kulia, akanijia akaniuliza kwa Kiingereza kama yule ni mume wangu. Nikasema ndiye, nikaanza kuomba radhi, nikamweleza desturi yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema jina lake Rohana, na mume wangu amekwenda na baba yake marehemu, kwa hiyo mimi niende na yeye. Nikamwambia kwetu wanawake hatufuati makaburini. Akanifungulia mlango wa gari. "Hapa tunakwenda," akasema.

Njiani alinieleza. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Yeye Rohana ana kaka mmoja tu, yuko Australia, ndege yake ni ya usiku. Hawakuweza kumngoja. Aliposema hilo la kutongoja moyo ulinipiga. Nilitazama nje.

Acha niwaeleze kilichonipiga. Mama mkwe alifariki Mombasa asubuhi, akazikwa laasiri ile ile. Mdogo wake Baba Nuru, Athmani, ndiye aliyesimamia. Sisi tulipata habari, Baba Nuru akakimbilia uwanja wa ndege, na wakati ndege yake inaondoka London, wao walikuwa wanakunja majamvi. Alifika akakuta mchanga umekauka. Akakaa kwa hitima, akarudi, na tangu hapo yeye na Athmani ni Idi mubarak kwenye simu na basi. Neno lake moja, amelisema hapa jikoni mara nyingi: "Kwa nini hakunisubiri?" Mimi nimemjibu kwa dini, nimemjibu kwa mapenzi, mwisho nikawa nateleka chai tu.

Tulifika makaburini. Nilikaa na wanawake kwenye mkeka, mbali kidogo, nikiwa nimejitanda mtandio mpaka puani kwa haya. Watu walikuwa wachache, wengi wazee. Mjomba wake Rohana akashuka kaburini, akafuata jirani. Kule kama kwetu, wanapenda wanaompokea maiti wawe witiri, yaani mmoja, au watatu, au watano. Wawili hawa walikuwa chini, na wa tatu hapatikani. Yule mzee wa garini akatazama huku na huku, kisha akamtazama mume wangu.

Baba Nuru akavua shanta. Akaja akaniwekea mapajani bila kunitazama. Akavua viatu, akakunja suruali, akashuka.

Nimekaa na mtu huyu umri mzima wa Nuru na zaidi, na sijawahi kumwona akifanya kazi hiyo, kwa sababu kwetu wanawake hatuyaoni hayo. Alisimama upande wa kichwa. Alimpokea marehemu polepole, kama ninavyojitahidi mimi kuwageuza wagonjwa wangu kitandani. Akamlaza ubavu wa kulia, akafungua kifundo cha sanda, akalisogeza shavu mpaka likagusa udongo. Mimi nikalikumbatia shanta.

Wakafukia, talkini ikasomwa, yale maneno ya kumkumbusha maiti imani yake, ile ile ya kwetu, nikawa naifuata kwa midomo. Kisha wakamwagia kaburi maji yenye maua na majani ya mkadi. Harufu ya kikuba, kile kishada cha maua wanachovaa wanawake wetu, jamani, huko mwisho wa dunia.

Ndipo simu ya Rohana ikalia. Kaka yake. Alitaka kuona kaburi. Rohana akamwonyesha, akamwambia pia kwamba mgeni kutoka Afrika ndiye aliyemlaza baba yao. Yule kaka akataka kusema naye.

Baba Nuru alishika simu kwa mikono miwili, matope mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa karibu, nilisikia. Yule mtu hakumshukuru kwanza. Alimuuliza, kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka akakauka, "Kwa nini hawakunisubiri?"

Neno kwa neno. La jikoni kwangu.

Baba Nuru aliisogeza simu karibu na mdomo. Kisha akasema, "Mdogo wangu, mimi nilimpokea upande wa kichwa. Sanda yake ilikuwa safi. Shavu lake limegusa udongo. Dada yako alikuwapo. Wangekusubiri, wangemtia kwenye barafu usiku kucha. Ungependa baba yako alale kwenye barafu?"

Yule mtu akasema, "Hapana."

"Basi," akasema Baba Nuru, akamrudishia Rohana simu, akaenda kunawa.

Rohana alitulazimisha twende nyumbani kwao, tukala wali pamoja nao, tukaombeana dua, tukarudishwa hotelini. Mume wangu hakunieleza kitu, nami sikumuuliza, ingawa mnajua mimi na kuuliza. Siku zilizobaki tulitembea kama kawaida. Tulipanda mlima wao kwa treni, mji wote ukalala chini yetu. Mimi nikawa natafuta minara na mapaa ya mahekalu. Yeye akamuuliza mlinzi makaburi ya Waislamu yako upande gani.

Tumerudi wiki iliyopita. Hakumpigia Athmani simu Jumatatu, wala Ijumaa. Nami nikaanza kujiuliza, je, mtu anaweza kumwambia mwenzake maneno ya haki na yeye mwenyewe asiyasikie?

Leo asubuhi nilikuwa nachambua mchele. Akaketi mezani, akaiweka simu mbele yake, akabonyeza ya sauti kubwa kwa sababu mkono mwingine una kikombe. Akampigia Athmani.

Wakaamkiana. Afya, watoto, mvua. Halafu Baba Nuru akauliza, "Athmani, nani waliingia kaburini na Mama?"

Sikuendelea na mchele.

Athmani akasema, "Mimi na Mjomba Bakari."

"Na nani?"

"Sisi tu."

"Wawili?" Baba Nuru akaweka kikombe. "Wawili vipi, Athmani? Mama yetu amepokewa na watu wawili?"

"Ndivyo alivyonikemea shehe mbele za watu," Athmani akasema. "Watu kumi walitaka kushuka. Niliwakatalia. Nilimwambia, shehe, tuko watatu. Mmoja yuko njiani."

Mume wangu aligeuza uso kwenye lile dirisha lenye mvuke.

"Kaka Seif? Upo?"

"Nipo."

"Nilidhani umejua. Nilidhani umeambiwa."

"Sikuuliza," akasema Baba Nuru.

Nilitoka jikoni nikawaachia, jambo ambalo wanaonijua hawataamini. Nilikaa kwenye ngazi na sinia la mchele magotini. Nikasikia wakisema mambo madogo madogo, bati la jikoni linavuja, paka wa Mama bado yuko. Kisha nikasikia mmoja anacheka, sikujua nani. Wakicheka wanafanana.

Tunakwenda Disemba, inshallah. Nuru ameshaanza kutafuta tikiti. Baba Nuru amelitoa lile shanta, limejaa udongo mwekundu wa Penang kwenye mishono, na amenikataza kulifua.

Sasa nina swali na silijui jawabu, ndiyo maana nimeandika badala ya kulala kidogo kabla ya zamu. Athmani anasema tuje nyumbani kwanza, tule, tupumzike, makaburi hayakimbii. Baba Nuru anasema akitoka uwanja wa ndege anakwenda moja kwa moja kwa mama yake, na shanta mgongoni. Wote wawili wameniomba niamue, na mimi naogopa kuamua vibaya jambo walilolipata kwa taabu hivi.

Nyinyi mliowahi kurudi mkachelewa, mlianzia wapi, nyumbani au kaburini? Tafadhali nijibuni mapema.