Divai Iliyonyamaza

Jumanne, 8 Februari 1938

Asubuhi ndege, mchana ndege. Nimewafukuza kwa kupiga debe mpaka mkono umekufa ganzi. Wanajua zabibu imeiva kabla yangu. Leo Memsab, mwenye shamba, amenifundisha: usiangalie rangi, rangi ni mwongo. Pasua tunda, tazama mbegu. Kijani, ngoja. Kahawia, tayari. Nimepasua kama ishirini hivi. Na kuzila zote, bila shaka.

Miaka minne napogoa hii mizabibu. Marehemu mume wake alileta vijiti kutoka kwao Rasi, kusini kabisa mwa Afrika, akafa kabla hajaona hata shada moja. Mwaka jana mvua ya mawe ilimaliza zabibu zote. Haya ndiyo mavuno ya kwanza.

Jumamosi, 12 Februari

Tumevuna. Pipa moja tu, na halikujaa. Nimeponda kwa miguu, Memsab akisimamia vile nilivyoiosha, mara tatu kwa sabuni. Maji yake ni meupe! Zabibu nyeusi, maji meupe. Kumbe wekundu uko kwenye maganda, ndiyo maana tunayaacha ndani.

Nikauliza kimea tunatia lini. Hakuelewa. Hakuna kimea, hakuna moto, hakuna chochote. Nimekataa kuamini. Kwetu, pombe ya busaa bila kimea cha wimbi ni uji tu.

Jumatatu, 14 Februari

Inachemka! Yenyewe! Nimeweka sikio kwenye pipa, inanguruma. Maganda yamepanda juu. Kazi yangu ni kuyasukuma chini kwa mti, asubuhi na jioni, yasikauke. Nani ameiwasha? Memsab amenionyesha ule unga mweupe juu ya ganda. Anasema chachu iko hapo, imekuja na upepo. Upepo! Nimecheka peke yangu shambani.

Alhamisi, 17 Februari

Memsab ameenda mjini Sisibo kung'olewa jino. Atakaa kwa dada yake wiki nzima. Ufunguo wa stoo ninao mimi. Akaniachia neno: "Divai naharibika, wewe narudi Maragoli." Sikulipenda. Mke wangu Rebeka ana mimba ya miezi minane. Nimhamishe vipi sasa mpaka kwetu, kwa miguu?

Jumanne, 22 Februari

Imenyamaza. Hakuna povu. Maganda yanazama.

Busaa ikinyamaza imekwisha, unawamwagia nguruwe. Nimeiua? Nimekosea wapi? Ningeonja ningejua, lakini mimi ni msomaji wa kanisa, niliapa pombe haitagusa ulimi wangu. Tena Mwafrika akikutwa na divai ni jela. Nimenusa mpaka kichwa kikauma. Naogopa, niseme ukweli.

Jumatano, 23 Februari

Nimefanya. Mama Nafula, mpika busaa wa kambi ya vibarua, alinipa kimea bila kuuliza. Alicheka tu: "Haya, Mwalimu! Hata wewe?" Makonzi mawili. Nimekoroga. Nimengoja. Povu kidogo, au ni macho yangu. Jioni kimya tena. Sasa imekuwa rangi ya mto baada ya mvua. Mjinga mimi.

Ijumaa, 25 Februari

Memsab amerudi, shavu limevimba. Nimemwambia kabla hajavua kofia.

Akachota, akaonja, akatema unga. "Divai hapana kufa. Iko maliza kazi." Chachu inakula sukari. Sukari ikiisha, inanyamaza. Kimya ndiyo dalili kwamba ni divai. Nilikuwa nimeipata, na sikujua!

Akauliza kwa nini sikuonja. Nikasema kiapo. Akakaa juu ya debe, akalia. Sijawahi kuona Mzungu akilia. Nilijiona mchawi aliyeroga mavuno ya marehemu.

Jumatatu, 28 Februari

Tumechuja kwa kitambaa mara tatu. Ukungu umebaki. Wageni hawatapewa hii.

Baadaye akaninyooshea kikombe. "Mtu ya divai lazima onja. Hapana onja, mimi natafuta mtu ingine." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lilinitisha.

Nikamfikiria Rebeka. Lakini nisijidanganye: nilitaka pia kujua.

Nimeonja. Si tamu hata kidogo. Sukari yote ile imeenda wapi? Inakaza ulimi, ndizi mbichi kabisa. Halafu, chini, ladha ya wimbi la Mama Nafula. Nikasema hivyo. Memsab akasema ndiyo, hata yeye ameisikia. Akaniambia nifunge stoo, nibaki na ufunguo.

Jumapili, 6 Machi

Nimesimama mbele ya kanisa, nikasema mwenyewe. Mzee mmoja akauliza kama ni pombe au ni divai ile ya Kana. Nikasema sijui, ila ilikuwa ulimini kwangu. Wameninyang'anya usomaji mpaka Krismasi. Imeniuma kuliko nilivyodhani.

Somo limesomwa na Petro, shemeji yangu. Ameruka mstari mzima na hakuna aliyegundua. Nimekaa benchi la nyuma na Rebeka. Hakunisema. Amenisukumia nusu ya mto wake wa kukalia.

Mchana viazi. Kesho nikague waya za mizabibu, nguzo mbili zimelegea.