Uso wa Alfajiri

Marieta, mwenzangu,

Salamu kutoka huku jumbani kwa bwana, kando ya mto Brenta. Kikohozi kimepungua. Ugali na samaki wa mtoni tunapata, na mwashi Toni bado anawatania miungu ninaowachora darini: "Wana mapaja kama maboga, fundi. Ipo siku watatuangukia."

Uliniambia utakuja Pasaka kumtazama mwanetu Anzola pale juu darini, nilipomchora, maana tangu homa ilipomchukua huna sura yake nyingine. Usije.

Bwana kaoa. Bibi harusi aliinua macho, akauliza yule mungu wa Alfajiri ni nani. Nikamwambia ni binti yangu, marehemu. Bwana akacheka. "Fundi, dari yangu, mke wangu. Mweke yeye."

Nikamsihi nimchore bibi kama mungu wa mapenzi, aliye mkubwa zaidi. Akasema yule yuko uchi.

Unaijua kazi yetu. Rangi tunaipaka chokaa ikiwa mbichi, na ikikauka imekuwa ukuta. Haifutiki, inabanduliwa kwa tindo. Toni alikataa kuishika tindo, akashuka jukwaani bila hata utani. Nikabandua mwenyewe, nikapaka chokaa mpya, nikamchora bibi. Anasema nimeipatia sura yake barabara.

Vipande nilivikinga kwa aproni, vikavunjikavunjika. Kilichotoka kizima ni sikio moja. Nimelifunga kitambaani, na mleta barua hii atakukabidhi. Kama una neno la kumwambia mtoto, mwambie.

Mumeo,
Zuane