Mtoto wa Saba wa Marta

Jumanne, 4 Machi

Daftari, huna haya. Tangu Krismasi hujaniuliza kama niko hai! Mwingine angekutupa. Mimi nimekupangusa vumbi tu. Haya, kaa vizuri.

Jumanne ni ya Mama Lois, mzungu wa ghorofa ya chini. Miaka themanini na mbili, peke yake, mwembamba kama ufito. Nimempelekea sombe, majani ya muhogo ya kutwanga. Husema inanuka nyasi. Sahani hurudi imelambwa.

Anamtafuta Marta, mke wa mkulima, mama aliyemzaa nyanya yake. Aliishi magharibi ya jimbo hili, zaidi ya miaka mia iliyopita. Karatasi meza nzima. Neema wangu, miaka kumi na sita, ndiye hututafsiria. Mimi shule sikukanyaga. Herufi nilifundishwa na akina mama wa kanisa katika kambi ya wakimbizi, kichwa kina mvi tayari. Lakini watu najua kuwahesabu.

Shida ni hii. Marta ana watoto saba. Sita wamo kwenye kitabu cha ubatizo cha kanisa lake. Wa saba, Klara, hayumo. Na Klara ndiye nyanya yake Lois. Anataka kujua kwa nini, kabla hajafa. Amelisema hilo kavu, kama anataja bei ya vitunguu.

Alhamisi, 6 Machi

Sikungoja Jumanne. Nimeshuka tena na Neema. Nikamwambia anisomee sensa ya nyumba ya Marta, jina na umri, polepole. Marta, arobaini na tisa. Binti yake Anna, kumi na saba. Klara, mwaka mmoja.

Nikacheka.

"Mwambie mtoto huyo si wa Marta. Ni wa Anna. Marta alimchukua."

"Mama, siwezi kumwambia mzee hivyo. Ni matusi."

"Tusi liko wapi? Sema."

Akasema. Lois akavua miwani. Akauliza nimejuaje. Nikajibu: karani anakuja, anauliza watoto hawa ni wa nani, unasema wangu. Hata mimi kambini nilisema hivyo.

Neema hakutafsiri. Alinitazama tu.

Mdomo wangu huu.

Ijumaa, 7 Machi

Neema hasemi. Amekula kidogo.

Wewe daftari nitakwambia. Neema ni mtoto wa Furaha, binti yangu mkubwa, anayekaa Eagan, mji wa jirani, na kufanya kazi kwenye ghala. Neema anamwita dada. Furaha alimzaa ana miaka kumi na sita. Mwanaume akayeyuka. Mtoto nikambeba mgongoni mimi. Karani wa kambi alipouliza, nikajibu wangu, kwa sababu kwetu mtoto wa binti yangu ni wangu. Sikudanganya. Akaandika binti. Tukafika huku, na kila mwaka kusema kulizidi kuwa kugumu.

Karatasi siziogopi. Naogopa ataacha kuniita mama.

Jumanne, 11 Machi

Lois ameandika barua kwa kanisa la mji mwingine. Anna alifanya kazi za ndani huko kipindi kimoja cha baridi, mwaka mmoja kabla ya sensa. Mimi ndiye niliyemwambia atafute alikopelekwa. Msichana akishika mimba hupelekwa mahali.

Neema alitafsiri neno kwa neno. Sauti ya baridi. Hata chai hakunywa.

Jumanne, 18 Machi

Jibu limekuja. Klara alibatizwa huko. Mama: Anna. Baba: hakuna.

Lois alilia akicheka. Akauliza amwandike nani kwenye ukoo wake, Anna au Marta.

Neema hakunitafsiria upesi. Kwanza aliniuliza lake, kwa Kiswahili.

"Na mimi? Mimi ni wa nani?"

Sikuzunguka. Nikamwambia: "Furaha alikuzaa. Mimi nilikulea. Alikuwa na umri wako huo huo."

Akachukua koti, akatoka. Lois hakuelewa hata neno moja. Akanishika mkono, akaushikilia.

Jioni Furaha alipiga simu. Neema yuko kwake.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna simu. Nimefua mashuka yake. Yalikuwa safi.

Jumapili, 23 Machi

Theluji inayeyuka, tope mlangoni. Neema amerudi baada ya ibada. Furaha alimshusha, hakupanda. Bado anaona aibu, mjinga wangu. Kesho nitamwita aje kula.

Neema alivua viatu. Akasimama jikoni.

"Furaha analia mdomo wazi. Kama wewe tu."

Nilipangusa meza.

"Mama, kuna chakula?"

Nilipakua. Amekula sahani mbili. Dada yake sasa anamwita kwa jina, Furaha. Si dada, si mama. Sawa. Wataona wenyewe.

Lois amewaandika wote wawili, Anna na Marta.

Daftari, ukija tena, kaa mezani, wazi. Neema akitaka kusoma, mwache asome.