Kaseti ya kwanza na ya tano

Jumamosi jioni, Agosti 2003

Bado namfikiria yule muuza kaseti wa Mbarara, niliyemuuliza kaseti za kwaya moja ya Uvira, kwetu Kongo. Aliniambia, "Mama, anza na hii ya tano, watu wote wanaipenda. Ile ya kwanza sauti mbaya sana."

Hiyo kwaya ya Uvira sikuwahi kuisikia. Niliambiwa tu na jirani aliyefika hapa kambini Nakivale juzi kwamba kaka yangu Elia aliimba humo baada ya mimi kukimbia vita. Nikachukua mbili: ya kwanza na ya tano.

Nyumbani niliweka ya kwanza. Inakwaruza kweli. Lakini kwenye wimbo wa tatu Elia aliimba peke yake, nikamjua papo hapo. Mume wangu akaacha kumenya mihogo.

Ya tano ni nzuri, sauti safi, gitaa mingi. Niliisikiliza mara mbili, upande zote. Elia hayumo.

"Pengine alihamia fasi ingine tu, kama sisi," mume wangu alisema.

Zimebaki tatu za katikati. Nikirudi Mbarara Jumanne nitachukua ya pili. Humo, nadhani, bado yumo.