Mafuta Meupe ya Asubuhi

Kashojwa, Nakivale
6 Februari 2025

Dada Godeberthe,

Amani ya Bwana ikukute huko Mbarara. Afya yako? Ule mguu uliokuwa ukivimba umepona, ama bado unakusumbua ukisimama jikoni kutwa? Sisi huku tu wazima, ila binti yangu Sonia ana kikohozi cha vumbi. Maharage yamechipuka vizuri.

Barua hii anakuletea dereva wa taksi pamoja na chupa. Usidhani ni chai ya maziwa ukamimina kikombeni! Ni mafuta ya giabokisi ya mashua yetu ya ushirika, ile ninayovushia watu na magunia ziwani. Injini inanguruma sawasawa, lakini nikiingiza gia, mashua inasita kama ng'ombe asiyetaka kuingia zizini. Nilipochomoa kijiti cha kupimia nikakuta mafuta meupe, yamechanganyika na maji. Nikayamwaga, nikatia mapya. Jioni yalikuwa safi. Asubuhi, meupe tena.

Sasa sikiliza. Anayelala ufukweni kulinda mashua ni msaidizi wangu Natanaeli, unamjua, mume wa Fébronie wa Rubondo. Muda mfupi kabla ya haya tuligombana mbele ya abiria. Alinikataza kuongeza magunia, akaanza kuyashusha kwa mikono yake mwenyewe. Nilimtukana. Basi mafuta safi jioni, meupe asubuhi, nimshuku nani mwingine? Nikamshtaki kwa kamati ya ushirika. Akasema, "Damascène, mimi nitie maji kwenye kitu kinacholisha watoto wangu?" Hakuna aliyemjibu. Wamemtoa kazini. Bombani Rubondo, watu wakichota maji, wanamwita Mtia-Maji.

Wewe unauza chakula karibu na magereji. Niulizie fundi wa kuaminika: giabokisi inasafishwaje mtu akishatia maji?

Mdogo wako,
Damascène


Mbarara
12 Februari 2025

Mdogo wangu Damascène,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Mguu umepungua uvimbe, namshukuru Mungu, siku hizi namenya matoke nikiwa nimekaa. Sonia mpe tangawizi na asali, na asilale karibu na moshi.

Chupa yako nilimpelekea Faizal, fundi wa injini za dizeli hapa nyuma ya kibanda changu. Zamani alitengeneza mashua za Ziwa Viktoria. Aliitikisa, akaiinua juani, akauliza, "Giabokisi ya hiyo mashua inapozwa kwa maji ya ziwa?" Nikamwambia mimi napika tu, sijui. Akacheka, akanichorea kwenye boksi.

Anasema mafuta ya giabokisi hupata moto sana, kwa hiyo hupitishwa kwenye kipozeo. Ni bomba nene lenye vibomba vyembamba ndani. Maji ya ziwa yanapita ndani ya vibomba, mafuta yanapita nje yake. Kibomba kikitoboka, mashua ikiwa inakwenda huoni shida, kwa maana mafuta yana nguvu kuliko maji, yanayazuia. Ukizima injini ile nguvu inakwisha. Hapo maji yanajipenyeza polepole, na asubuhi unakuta mafuta meupe. "Mwambie nduguyo," akasema, "maji ya namna hii hayahitaji mtu wa kuyamimina."

Usiiendeshe mashua hiyo. Maji yanaharibu zile sahani zinazoshika gia, na beringi zinapata kutu. Fungua kipozeo, kizamishe kwenye beseni, ziba mlango mmoja wa mafuta, na ule mwingine ujaze upepo kwa pampu ya baiskeli. Mapovu yakitoka kwenye vibomba, umepata jibu.

Na mimi nina swali langu. Ulimwona Natanaeli akitia maji? Kwa macho yako mwenyewe?

Dada yako,
Godeberthe


Kashojwa
9 Machi 2025

Dada yangu,

Habari za siku nyingi. Sonia amepona kikohozi, anakusalimu. Mimi ni mzima, na nikisema mzima leo, nasema kweli.

Usinikasirikie kwa kukawia. Barua yako niliisoma nikaikunja. Nilijiambia kwamba Faizal hajaiona mashua yetu, atajuaje? Tukaweka mlinzi mwingine, mzee Anselme wa kwaya. Nikatia mafuta mapya, nikaendelea kuvusha watu. Yakawa meupe. Hata hapo niliwaza labda Natanaeli anakuja kwa siri. Ona moyo wa mtu ulivyo!

Juzi upepo ulitukuta katikati ya ziwa. Nilikuwa na akina mama wa soko na mgonjwa wa malaria aliyelazwa juu ya mikeka. Niliingiza gia, injini ikalia tu, rafadha haikuzunguka. Mawimbi yakatusukuma mpaka kwenye mafunjo, na ndani ya mafunjo kulikuwa na kiboko. Hatukumwona. Tulimsikia akipumua. Akina mama walisali rozari kwa kunong'ona, na mimi nikashika kasia, nikijua halitasaidia kitu. Wavuvi ndio waliotuvuta kwa kamba. Hakuna aliyeumia.

Tulipofika sikungoja. Nilifungua kipozeo hapo hapo ufukweni. Kamati ikaja kutazama, na abiria wakabaki. Anselme akapampu. Mapovu yalitoka, dada, kama uji unaochemka. Kisha mama mmoja akauliza, "Na Natanaeli je?" Kila mtu akakumbuka ana shughuli nyumbani.

Tafadhali mwambie Faizal atutafutie kipozeo kipya. Na giabokisi yenyewe, bado itapona?

Mdogo wako,
Damascène


Mbarara
13 Machi 2025

Damascène,

Namshukuru Mungu kwa mafunjo yale na kwa wavuvi wale. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, ikabidi nitafute pa kukaa.

Kipozeo hiki hapa. Faizal amekipata kwa Hajji Buruhan, muuza vipuri, pamoja na sahani mpya za gia. Anasema giabokisi itapona usipoiacha ikae na maji. Mwaga mafuta yote leo, ijaze mafuta safi hata kabla hujafunga kitu, ili kutu isianze. Ukishafunga, washa kidogo, mwaga, tia mengine, washa tena. Endelea hivyo mpaka mafuta yatoke kama yalivyoingia. Usiyaonee huruma mafuta.

Hayo ni ya Faizal. Haya ni yangu. Barua yako imejaa chuma, mtu ndani yake ana mstari mmoja tu, na hata huo ameusema mama wa soko. Ulimshtaki Natanaeli hadharani. Usiende kwake jioni kimya kimya na kuku mkononi. Anza pale ulipomchafulia jina.

Dada yako,
Godeberthe


Kashojwa
27 Aprili 2025

Dada Godeberthe,

Salamu za Pasaka, ingawa zimechelewa. Maharage tumevuna, nimekutumia kikapu. Wewe na mguu wako mnaendeleaje?

Mashua imepona. Tuliiosha giabokisi kama Faizal alivyosema, mara nyingi mpaka Anselme akalalamika, na sasa asubuhi mafuta ni safi. Nikiingiza gia inakwenda bila kusita. Mshukuru sana.

Kamati niliwaambia kwanza. Halafu nilikwenda bombani Rubondo, wakati wanawake ni wengi. Nilisema, "Natanaeli hakutia maji. Kipozeo kilitoboka. Mimi nilimsingizia kwa sababu nilikuwa na hasira naye." Madumu yalijaa yakamwagika, hakuna aliyefunga bomba. Bibi mmoja akanijibu, "Sisi tulimnyima mkewe zamu ya kuchota. Hiyo nayo utairudishaje?"

Nilimkuta Natanaeli shambani akipalilia. Fébronie alinipa kigoda, mumewe hakuacha jembe.

"Nimesikia ulichosema bombani," akasema. "Nimekusamehe."

"Basi rudi kazini. Kamati imekubali."

"Siku ile mbele ya kamati niliwatazama wote, mmoja mmoja. Tumekula pamoja miaka. Hakuna aliyesema hata, 'Ngojeni kwanza.' Nikirudi, siku kitu kikiharibika tena, macho yatakuja kwangu."

Nilitaka kumwapia, nikaona kiapo changu kwake hakina uzito. Nikachukua jembe la Fébronie, tukapalilia mpaka mwisho wa shamba. Nilipoaga alinipa mkono.

Tangu hapo navusha watu na Anselme, lakini ni mzee, kamba zinamchosha. Kamati inaniuliza nitaiacha nafasi ya Natanaeli wazi mpaka lini. Nawaambia wangoje kidogo.

Jana Fébronie alivuka nasi akienda kuuza maharage. Ni mara yake ya kwanza tangu mambo yale. Alikaa mbele, hakunitazama. Aliposhuka akageuka: "Natanaeli anauliza Jumatatu mnaondoka saa ngapi."

Nikamwambia. Sikuuliza kama mumewe anakuja kuvuka ama kufanya kazi.

Kesho ni Jumatatu. Uniombee.

Mdogo wako,
Damascène